Mama anakuja California mwezi wa saba: akae Sacramento kwenye joto au San Francisco kwenye ukungu?

"Daktari shikamoo. Naishi Sacramento, California, huu mwaka wa pili. Mama yangu anakuja kutoka Tanga katikati ya mwezi wa saba, atakaa na sisi miezi mitatu. Ana miaka 68, ana presha, anameza dawa mbili na moja ni ile ya kukojoa. Kaka yangu yupo San Francisco na anang'ang'ania mama akae kwake, anasema Sacramento ni tanuri. Mimi namwambia mama ni mtu wa Tanga, joto kalizoea toka utotoni, kitakachomuumiza ni ule ukungu wa kwao, utamletea kifua. Mwaka jana mwezi wa saba nilienda kwa kaka na kaptula nikatetemeka mpaka akaniazima koti, wakati huku nilikotoka ilikuwa digrii 41. Mwendo wa chini ya masaa mawili kwa gari, inakuwaje? Na nani yuko sahihi kati yangu na kaka?"

Marahaba. Naona hapo kuna watoto wawili wanaogombania mama, na hilo ni jambo jema, ila kila mmoja wenu anaogopa kitu ambacho sicho. Nikujibu kwanza halafu nieleze: mama anaweza kukaa kwako Sacramento vizuri kabisa kama nyumba ina AC inayofanya kazi kweli, kuna mtu wa kumwangalia mchana, na zile wiki mbili za kwanza mmezichunga. Kama hata kimoja hakipo basi aanzie kwa kaka yako. Ukungu hautampa kifua. Na umri wake wa kuishi Tanga hautamlinda kama unavyodhani, na hapa ndipo nataka nikae kidogo kwa sababu hii imani nimeikuta kwa watu wetu wengi mno.

Mwili hauna cheti cha kuzaliwa pwani. Kuzoea joto ni kazi ambayo mwili unaifanya ndani ya wiki moja mpaka mbili ukiwa kwenye joto kila siku: unaanza kutoa jasho mapema zaidi, chumvi inayopotea kwenye jasho inapungua, maji ya damu yanaongezeka ili moyo usihangaike. Ukitoka kwenye joto wiki chache tu uzoefu wote huo unayeyuka, unarudi kuwa mgeni. Sasa fikiria, mwezi wa saba Tanga ni nini? Ni kipupwe, upepo wa kusi, mchana digrii 28 hivi na usiku watu wanajifunika. Mama anapanda ndege akitoka kwenye msimu wake wa ubaridi na kushuka kwenye digrii 40. Hajaja na uzoefu wowote mkononi, na akiwa na miaka 68 tezi za jasho zimepungua nguvu na kiu inachelewa kumwambia anywe maji.

Halafu joto lenyewe sio lile analolijua. La Tanga lina unyevu, unalowa, nguo inakung'ang'ania mgongoni, unajua wazi kwamba unateseka kwahiyo unatafuta kivuli na madafu. La Sacramento ni kavu, mchana jasho linakauka kabla hujaliona. Atakwambia "mbona joto lenu zuri tu, hata jasho sitoki", kumbe linatoka na kuruka hewani saa ile ile na maji yanakwisha mwilini kimya kimya. Ukweli ni kwamba ukavu huo unasaidia, mwili unapoa vizuri zaidi kuliko kwenye unyevu, ila unasaidia tu kama maji ya kutengenezea jasho yapo. Mtu anayemeza dawa ya kukojoa anapoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Sasa swali lako la inakuwaje. Nalipenda sana kwa sababu ukilielewa hili utaweza kupanga siku za mama bila kubahatisha, maana joto la kwako na ukungu wa kaka yako sio vitu viwili vinavyopingana, kimoja kinamvuta mwenzake.

Anzia baharini. Kiangazi chote upepo wa pale unatoka kaskazini magharibi na kupuliza sambamba na pwani ya California. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu hayaendi moja kwa moja na upepo, yanasukumwa kuelekea kulia, yaani yanaondoka pwani kwenda bahari kuu, na maji yakiondoka lazima mengine yaje kujaza nafasi, ndio yanapanda yale ya chini yenye baridi. Ndio maana katikati ya kiangazi bahari ya San Francisco ina digrii 11 mpaka 14 tu, usidanganyike na picha za watu na miwani ya jua, ile bahari haiogeleki kama ya Raskazone kule Tanga. Hewa yenye unyevu kutoka Pasifiki ikipita juu ya maji hayo inapoa, mvuke unageuka matone madogo, huo ndio ukungu.

Sasa kwa nini usipande juu ukatawanyika? Kwa sababu juu yake kuna kifuniko. Kiangazi kunakuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Pasifiki, hewa inashuka kutoka juu, na hewa inayoshuka inabanwa na kupata joto. Unapata hewa ya joto imelala juu ya hewa ya baridi kama sahani juu ya sufuria, na ukungu unabaki umefungiwa chini, mara nyingi mita mia kadhaa tu kutoka baharini, ndio maana zile nguzo za daraja la Golden Gate unaziona zimechomoza juu ya ukungu na gari za chini huzioni.

Huku bara, wewe unakaa ndani ya bonde kubwa lenye urefu wa kilomita 700 hivi, magharibi milima ya pwani, mashariki Sierra Nevada. Jua linalipiga masaa 14 kwa siku bila wingu, ardhi inachemka, hewa inapanda na mgandamizo unashuka. Pakiwa na mgandamizo mdogo hapa na mkubwa pale baharini, hewa ya bahari inavutwa kuja kujaza. Milima inaizuia karibu kote, mlango mkubwa ni mmoja, pale pale Golden Gate, halafu inapita kwenye ghuba, inabanwa kwenye mlango bahari wa Carquinez, inatokea kwenye delta ya mto Sacramento na jioni inafika mlangoni kwako. Ukungu wenyewe haufiki, ukigusa ardhi ya moto unakauka njiani, kinachofika ni ule upepo wa baridi, watu wa kwenu wanauita upepo wa Delta. Kwahiyo bonde likichemka sana ndio linazidi kuuvuta ukungu pwani, ile siku wewe unaungua ndio siku kaka yako anatafuta sweta.

Matokeo yake ndio hiyo kaptula yako. Mwezi wa saba wastani wa mchana Sacramento ni digrii 34, San Francisco ni 19 au 20. Siku ya joto kali tofauti inapita digrii 20, na ukiendesha barabara ya 80 unaiona kwenye kipima joto cha gari, unatoka kwako, ukifika Fairfield imepungua, ukifika Vallejo imepungua tena, ukifika Berkeley unafunga dirisha. Hata ndani ya San Francisco kwenyewe kuna tofauti, mitaa ya magharibi kama Sunset na Richmond inakula ukungu wote, Mission ambayo vilima vinaikinga inapata jua. Muulize kaka yako anakaa upande gani kabla hujasema kwao baridi.

Huo upepo wa Delta ni rafiki wa mama kuliko kitu chochote mtakachonunua. Usiku wa kawaida wa kiangazi unaishusha Sacramento mpaka digrii 16 hivi, ndio inayoitofautisha na Fresno, mji wa bonde hilo hilo ambao uko mbali na ule mlango, mchana wa moto na usiku nao haupoi vizuri. Na joto linaloua sana ni lile ambalo usiku haupoi, kwa sababu moyo unafanya kazi mchana kutwa ukisubiri usiku upumzike na usiku nao hakuna nafuu. Mwezi wa saba 2006 California ilipata joto la siku nyingi mfululizo, lenye unyevu ambao sio wa kawaida pale, na usiku haukupoa. Wachunguzi wa vifo waliandika vifo karibu 140 vilivyotokana na joto moja kwa moja, makadirio ya baadaye yakawa makubwa zaidi, na wengi walikuwa wazee wa bara wanaoishi peke yao, AC hawana au wanayo haijawashwa. Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo kaka yako alisikie: watu wa pwani nao walijaa vyumba vya dharura, kwenye joto ambalo mtu wa Fresno asingelishtukia. Hawakuwa wamezoea, na nyumba zao hazikujengwa kwa ajili ya joto.

Maana ukungu sio ukuta. Kuna siku ule mgandamizo mkubwa unasogea na kukaa juu ya nchi kavu, upepo unageuka unatoka bara kwenda baharini, kifuniko kinakandamiza chini zaidi na ukungu unafukuzwa. Tarehe 1 Septemba 2017 San Francisco mjini ilifika digrii 41, mji ambao nyumba nyingi hazina AC na madirisha yamejengwa kutunza joto, na wazee walifariki. Tarehe 6 Septemba 2022 Sacramento ikavunja rekodi yake, digrii 46.7. Umeona miezi? Watu wanafikiri hatari ni mwezi wa saba na wa nane halafu Septemba wanapumua, kumbe pwani Septemba ndio mwezi wa joto zaidi kwa sababu ukungu unapungua. Mama atakuwepo mpaka Oktoba, kwahiyo kama mpango ni kumpeleka kwa kaka "kukwepa joto" na kumwacha kule bila hata kuangalia utabiri, mnaweza kumpeleka kwenye nyumba isiyo na AC wiki ambayo pwani nayo inaungua.

Kuhusu ukungu na kifua. Nimonia inaletwa na vijidudu, sio baridi wala ukungu. Ukungu wa bahari ni matone ya maji, hauna sumu, miti mikubwa ya redwood ya pwani ile inaishi kiangazi bila mvua kwa kuyanywa matone hayo yakidondoka kwenye majani yake. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kidogo na hewa ya baridi, mwenye viungo vibovu atalalamika magoti, basi. Mama hujaniambia kama ana pumu, kama anayo nijulishe. Cha kuogopa kuhusu hewa ni moshi, na moshi sio ukungu ingawa mtu akichungulia dirishani anaweza kuchanganya. Mwezi wa nane mpaka wa kumi misitu inaungua, na siku ya joto kali huko bara hewa ya chini nayo inakuwa chafu mchana kwa sababu jua linapika moshi wa magari. Tarehe 9 Septemba 2020 San Francisco iliamka anga la rangi ya chungwa, taa za barabarani zinawaka saa sita mchana, watu walidhani ndio kiama, kumbe moshi ulikuwa umelala juu ya ile hewa ya baridi ya bahari na chini watu walikuwa wanavuta hewa nafuu kuliko macho yalivyoona. Kwahiyo usipime hewa kwa macho, angalia namba za ubora wa hewa kwenye tovuti ya AirNow kabla ya kufungua madirisha usiku.

Sasa tuchague. Kukaa kwako kuna faida: kuna AC (naomba uniambie ipo!), usiku unapoa, na akipita zile wiki mbili mwili utakuwa umeanza kujifunza. Hasara ni kwamba kosa moja la kuisahau AC imezimwa mchana, au mama mwenyewe kuizima kwa sababu anaonea huruma bili, linaweza kuwa kubwa. Hili la kuonea huruma bili sio utani, wazazi wetu wanazima, wanakaa na feni, ukirudi kazini nyumba ina digrii 36. Feni inasaidia kwenye joto la kawaida, ila hewa ikishapita digrii 35 hivi inampulizia joto tu, usiitegemee. Mwambie wazi kabla hajafika kwamba AC ni dawa yake ya tatu. Weka digrii 26, inatosha. Umeme wa Sacramento kiangazi ni ghali saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku siku za kazi, basi ipoze nyumba vizuri kabla ya saa 11, funga mapazia upande wa jua, halafu upepo wa Delta ukifika fungua madirisha yote, asubuhi mapema funga tena. Nyumba inatunza ubaridi mpaka mchana.

Kukaa kwa kaka kuna utulivu wa hali ya hewa wiki nyingi, ila hauwezi kuuzoesha mwili joto, kwahiyo akikaa kule mwezi mzima halafu mkamleta kwako siku ya digrii 42 kwa sherehe ya mjukuu, mnamleta mgeni mpya kabisa. Na baridi ya digrii 14 na upepo ule inaweza kumfungia ndani kuliko joto la kwako, mzee asiyetoka nje naye anaumia.

Ningekuwa mimi ningemweka kwako kama msingi, ningeangalia utabiri kila siku, na nikiona joto kali la siku tatu na kuendelea, hasa wakitaja usiku wa moto, namfungia begi kwenda kwa kaka, na sweta ndani, baada ya kuhakikisha na pwani haimo kwenye tahadhari hiyo hiyo. Kumbuka wanasoma Farenihaiti, 95 ni digrii 35, 104 ni 40. Ikitokea AC imekufa na kaka hapatikani, piga 211 watakwambia vituo vya kupoa vilivyo wazi, hata maktaba inatosha. Wiki mbili za kwanza matembezi ni asubuhi kabla ya saa 4 tu, dakika 15, unaongeza pole pole. Na kwenye gari usimwache hata unapoingia dukani "dakika moja", siku ya digrii 35 dakika 10 ndani ya gari lililofungwa zinatosha kulipandisha kupita 45.

Dawa. Hapa siwezi kukuamulia kwa maandishi na usikubali mtu yeyote akuamulie hivyo. Kabla ya safari aende kwa daktari wake wa Tanga, amwambie naenda kwenye digrii 40 miezi mitatu, apimwe presha, chumvi za damu na figo, aulizwe kama dozi ya ile ya kukojoa ibadilishwe. Asiache mwenyewe, wengine wakisikia joto wanaacha, presha inapanda juu na hilo nalo ni janga. Muulizeni pia kiasi cha maji, kama moyo wake mzima anywe kidogo kidogo kutwa bila kusubiri kiu mpaka mkojo uwe na rangi ya maji ya limau, kama moyo una shida daktari ndio aseme kiasi. Nunueni kipimo cha presha cha nyumbani. Akisimama akaona kizunguzungu na namba zimeshuka kuliko zake za kawaida, piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo.

Akilalamika kichwa, misuli kukaza, kichefuchefu, udhaifu, mwingize kwenye ubaridi, mlaze, miguu juu, mloweshe nguo, mpe maji au maji yenye chumvi na sukari. Maji baridi ya friji hayamdhuru, hiyo ya kwamba yanaleta kichomi iacheni. Ndani ya saa moja hajapata nafuu, au anatapika hawezi kunywa, mpeleke hospitali. Lakini akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, anaweweseka, anayumba kama mlevi, anazimia au anapata degedege, na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto na huna saa moja, piga 911, namba ya dharura, muda huo. Usidanganyike kwa sababu bado anatoka jasho, watu wengi wanafikiri jasho likiwepo yuko salama na sio kweli. Ukisubiri gari la wagonjwa mmwagie maji mwili mzima, feni imwelekee, barafu kwenye kwapa, shingo na mapaja. Panadol haifanyi kazi kwenye joto hili, usipoteze muda nayo, na akiwa hajitambui usimpe chochote mdomoni.

Na tafadhali msisite kupiga 911 kwa kuogopa gharama. Mnunulieni bima ya msafiri kabla hajapanda ndege, inayokubali umri wake na presha aliyonayo tayari, someni hicho kipengele vizuri. Ila hata ikitokea hana bima, chumba cha dharura kwa sheria ya Marekani kinatakiwa kimpime na kumtuliza hali yake kwanza, bili mtaijadili baadaye akiwa hai. Niandikie akishafika, uniambie presha yake ya wiki ya kwanza na kama kaka yako yuko Sunset au Mission.